Kipoza Kipo

Ripoti ya Shirika la Umeme ilikuwa na kurasa mbili na mihuri mitatu. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, maana ofisini kwa Mkuu wa Kituo kiti cha pili kilikuwa kimewekewa shada la maua la kumpokelea mgeni.

Ripoti ilisema hivi: moto uliomuua mzee aliyejulikana mtaani kwa jina la Ng'ambo ulianzia kwenye amplifaya yake ya muziki. Umeme wa Shirika siku ile haukuwa na kasoro. Kosa lilikuwa la fundi redio wa mtaani aliyeifunga mashine hiyo. Chini kulikuwa na sahihi ya Mhandisi, ndefu kama kamba ya kuanikia nguo.

"Umeridhika?" aliuliza Mkuu.

"Aliifungua?"

"Nani?"

"Mhandisi. Aliifungua hiyo mashine?"

Mkuu akatazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. "Inspekta, mgeni wangu kutoka makao makuu anafika saa nane. Gari la mahakamani linaondoka saa nane hiyo hiyo. Nataka fundi awe ndani ya gari na faili liwe mezani kwangu, limekwisha. Asomewe kuua bila kukusudia, aende gerezani akasubiri kesi. Akiwa na la kueleza, atamweleza wakili wake."

"Hana wakili."

"Basi hana la kueleza."

Ndio wakubwa hao. Skrubu moja hawafungui, wanafungua vikao. Na kikao kikifungwa, kuna mnyonge amefungwa pamoja nacho.

Inspekta aliondoka na ripoti kwapani. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi, na askari wadogo walimwita Sindano akiwa hayupo. Alimwomba dereva wa kituo bisibisi, akaingia stoo ya vielelezo, akaagiza fundi aletwe.

Mtaani walimwita Fundi Koili. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemchapa uso, lakini alipoiona amplifaya mezani, imeungua upande mmoja na kunuka plastiki, aliinama kwanza kuitazama kabla ya kumsalimia mtu.

"Masikini," alisema.

"Nani, mzee au mashine?"

"Wote, Afande. Huyu alikuwa anampenda huyu." Akainua uso. "Afande, saa nane naenda?"

"Kama sina kitu, unaenda. Niambie tangu mwanzo. Na uniambie kama mtu asiyejua redio."

Fundi akavuta pumzi. "Mzee alikaa ng'ambo miaka ishirini na miwili. Vyombo vyake vyote vya muziki alivinunua huko. Sasa umeme wa huko alikokaa ni volti mia na kumi. Wa kwetu ni mia mbili na thelathini. Ukiichomeka mashine ya kule kwenye ukuta wa huku, ni sawa na mtu aliyeomba kikombe cha maji ukamtia mdomoni bomba la zimamoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikampa kipoza."

"Kipi hicho?"

"Kipoza umeme. Wengine wanaita transfoma. Boksi la chuma, zito, kilo kumi na moja. Linakaa kati ya ukuta na mashine. Linapokea mia mbili na thelathini, linatoa mia na kumi. Nilimwambia mzee mbele ya nyumba nzima: usiiwashe bila kipoza, hata dakika moja. Na yeye akawa anaimba hivyo hivyo kila siku kama kasuku."

Inspekta akafunua ripoti. "Hapa wameandika kwamba kwenye chumba hapakukutwa transfoma yoyote. Mashine ilichomekwa ukutani moja kwa moja. Mhandisi anasema hukuweka kabisa, au uliweka kisha ukaiiba."

"Niibe kilo kumi na moja nizitie mfuko gani? Nilivaa hii hii." Akavuta fulana yake nyembamba kuonyesha.

Konstebo aliyekuwa mlangoni akacheka, kisha akajikohoza.

Inspekta alimpa fundi bisibisi. Ilikuwa kinyume cha taratibu, lakini taratibu zilikuwa na siku tatu za kufanya kazi na hazikufanya. Skrubu nne zikatoka. Kifuniko kilitoa mlio wa bati. Fundi akachungulia, akaonyesha kwa kidole bila kugusa.

"Afande. Pale nyuma, kishikio cha fyuzi."

Fyuzi yenyewe ilikuwa kipande kidogo cha kioo, kimekuwa cheusi. Juu yake mtu alikuwa ameviringisha waya mwembamba wa shaba, mizunguko sita au saba, upande huu mpaka upande ule.

"Fyuzi ni mlinzi," alisema fundi, sauti imeshuka. "Umeme ukizidi, yeye anakufa kwanza ili mashine ipone. Huyu alishakufa. Kuna mtu amekuja akamfunga maiti kamba, akamsimamisha mlangoni."

"Si wewe?"

"Mimi niliweka mpya. Na kama ningekuwa mimi, Afande, hiyo shaba ningeichomelea kwa risasi ya kuungia nyaya ishike. Hii imeviringishwa na mtu mwenye haraka. Kishikio kiko nje, nyuma, hakihitaji hata bisibisi. Unazungusha kwa vidole."

Inspekta akaitia fyuzi kwenye bahasha, akaandika saa. Saa tano kasoro kumi. Fyuzi ilikufa mara ya kwanza, halafu mtu akaifufua. Kwa hiyo mashine ilichomekwa ukutani mara mbili, si mara moja. Hilo kwenye kurasa mbili zenye mihuri mitatu halikuwamo.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na sebule kubwa mbele na chumba kimoja kisicho na dirisha nyuma. Moto ulikuwa wa chumba hicho tu. Kiti cha godoro kilikuwa kimebaki chuma. Ukutani, alama nyeusi ilipanda kutoka kwenye soketi. Nyuma ya meza iliyoungua palikuwa na feni ndogo ya mezani, panga zake za plastiki zimeyeyuka na kuning'inia kama ndimi.

Dada mtu, mkubwa kuliko marehemu kwa mwaka mmoja, alisimama kizingitini. Hakuvuka.

"Mama, pole sana," alisema Inspekta. "Nina maswali machache."

"Uliza, mwanangu. Wenzako waliuliza jina na umri wangu wakaondoka."

"Kwa nini vyombo vililetwa chumba hiki?"

"Kaka alipasuliwa jicho. Alilala hospitali siku tatu. Daktari akasema akirudi akae gizani, asipigwe na mwanga. Nikasema basi, giza ni huku. Nikamhamishia kiti na muziki wake, apate kusikiliza, maana kuona alikuwa hawezi. Jicho moja bandeji, la pili ukungu."

"Ulivihamisha mwenyewe?"

"Mimi na mgongo wangu. Kaka alinipigia simu toka hospitali, akaniambia neno lile lile: isiwashwe bila kipoza."

Inspekta akaacha kuandika. "Na kipoza kilikuwepo?"

"Kilikuwepo!" Mama alikasirika. "Watu wanasema sikuweka. Nilikiweka kwa mikono yangu, nyuma ya mashine kabisa. Kaka aliporudi, kabla hata hajakaa, akaniuliza, 'Kipoza kipo?' Nikamwambia, kipo. Akafurahi. Akawasha muziki, akaniambia funga mlango dada, nipumzike, dawa zinanilevya. Nikafunga."

"Kipoza hicho kilikuwaje ulipokiwasha?"

"Kilikuwa kizuri tu. Kinapuliza."

"Kinapuliza?"

"Si kinapoza, mwanangu? Kitapozaje bila kupuliza?" Akanyoosha mkono kuelekea kwenye feni iliyoyeyuka. "Kile pale."

Konstebo alifungua mdomo. Inspekta alimtazama, akaufunga.

"Mama," alisema Inspekta polepole, "sebuleni, karibu na mashine, hapakuwa na boksi la chuma? Zito?"

"Hilo dude? Lilikuwepo. Linavuma kama nyuki, nikajua ni la sebuleni. Liko jikoni. Nimezuilia mlango."

Lilikuwa huko kweli, limesukumizwa kwenye mlango wa jikoni, kijivu, lina mpini juu na kibandiko cha mwandiko wa fundi kilichofutika nusu. Konstebo alilinyanyua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nani alikwambia kipoza ni feni?" aliuliza Inspekta.

Hapo mama akavuta mkoba wake mdogo karibu na kifua.

"Nilijua mwenyewe."

"Hukumuuliza mtu?"

"Kaka singemuuliza. Angesema, 'Dada, ndiyo maana nilikwambia usome.' Nilijua mwenyewe."

"Na mashine ilizimika mara ya kwanza ulipoichomeka?"

Mama alishtuka. "Nani kakwambia? Ilisema tap, ikafa. Nikasema nimeua kitu cha watu."

"Nani aliifufua?"

"Ilipona yenyewe," alisema mama. Mashine haiponi yenyewe, na mama huyu alikuwa hajui kusema uongo. Alisema kila neno akitazama dirisha la jikoni, upande wa uani.

Kutoka huko uani redio ilikuwa ikilia kwa sauti ya chini. Inspekta aliifuata.

Mdogo mtu alikaa chumba cha uani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyumba kubwa akiilinda. Kaka aliporudi, kitanda kikahamishwa. Alikuwa amekaa kizingitini akinyoa ndevu mbele ya kioo, mtu wa makamo, mtulivu, anayetabasamu upande mmoja.

"Karibu, Afande. Mmeshampeleka yule mwizi wa transfoma?"

"Bado. Wewe unajua transfoma ni nini?"

"Nimesikia kwenye ripoti tu. Mimi na umeme mbalimbali. Hata balbu ikiungua namwita jirani."

"Mashine ya kaka yako hukuwahi kuigusa?"

"Nani aguse? Ukikohoa karibu nayo unaambiwa unaichafua. Miezi miwili, Afande, asubuhi muziki, mchana muziki, na akimaliza anatuhadithia ng'ambo. Tulikuwa tunajua mitaa ya kule kuliko wenyeji." Akacheka. "Mungu amrehemu."

Inspekta alichungulia ndani. Redio ya kaseti ilikuwa juu ya kabati, kubwa, ya rangi ya fedha. Waya wake uliteremka nyuma ya kabati ukaingia chini ya kitanda.

"Redio nzuri. Ya siku nyingi?"

"Kaka aliniletea alipokuja likizo. Sasa ni miaka mitano. Haijawahi kuugua hata mafua."

"Naomba twende kituoni wewe na dada, mtie sahihi maelezo tufunge faili. Na niazime redio yako. Nina kaseti ya kusikiliza na kituo chetu hakina hata kijiko."

Mdogo mtu alisita kidogo tu. Kisha akafuta sabuni usoni, akainama chini ya kitanda, akachomoa, akatoka na redio na waya wake. Chini ya kitanda kuna kitu kilichokuwa kikivuma kikanyamaza.

Garini, Inspekta aliiweka redio mapajani, akaigeuza. Kibati cha chini kilikuwa na namba ndogo. Alizisoma mara mbili, akamwonyesha Konstebo kwa ukucha. Mia na kumi.

*

Saa saba na dakika ishirini. Kutoka dirisha la chumba cha mahojiano walimwona Fundi Koili akipandishwa gari la mahakamani, pingu mikononi, mke wake amesimama upande wa pili wa geti bila kuruhusiwa kuingia. Dereva alikuwa akifuta vioo. Mkuu alikuwa barazani akipanga maua upya.

"Yule ndiye anayekwenda?" aliuliza dada mtu.

"Ndiye, mama. Saa nane."

"Ana watoto?"

"Watatu."

Mama aliushika mkoba.

Mdogo mtu alikuwa amekaa, miguu amekunja nne. "Afande, tutie sahihi twende. Matanga yana kazi."

"Dakika moja." Inspekta aliiweka redio mezani, karibu na soketi ya ukutani. Akatoa kaseti mfukoni, kaseti tupu kabisa, akaitia. "Kuna sauti nataka mnisaidie kuitambua." Akashika plagi, akatafuta tundu kwa vidole huku akiwa bado anaongea. "Ni ya siku ile ile..."

Plagi iligusa soketi.

"Ngoja!" Mdogo mtu alikuwa ameshasimama, mkono umeshika kifundo cha mkono wa Inspekta. "Utaiunguza! Hiyo inataka—"

Mkono ukabaki ulipo.

"Inataka nini?" aliuliza Inspekta.

Nje, dereva alijaribu injini. Ikakohoa, ikakubali.

"Inataka nini, mtu usiyejua hata kubadilisha balbu?"

"Inataka... inataka kupumzishwa. Imetoka safari."

"Redio ya mia na kumi imelia miaka mitano kwenye umeme wa mia mbili na thelathini, haijaugua mafua. Konstebo yuko njiani kuchukua kitu kilicho chini ya kitanda chako. Kitu hicho unakiitaje?"

Mdogo mtu akauachia mkono. Akakaa. Tabasamu la upande mmoja likarudi, lakini halikukaa sawa. "Kujua si kosa, Afande. Hata kama nacho, ni changu. Kule chumbani sikuwepo. Feni sikuweka mimi. Muulize aliyeweka."

Kila mtu chumbani alijua anamaanisha nani. Na ilikuwa kweli. Shaba kwenye fyuzi haikuwa na jina la mtu. Bila neno la mama, redio ilikuwa redio tu, na gari lilikuwa linaunguruma nje.

Dada mtu alikuwa akimtazama mdogo wake kama anayesoma herufi kwa mara ya kwanza, moja moja.

"Kwa hiyo chako ni cha chuma?" alimuuliza.

"Dada, nyamaza."

"Kile kinachovuma chini ya kitanda chako. Ndicho kipoza?"

"Dada, hawa polisi wanataka kutugombanisha. Tumebaki wawili tu mimi na wewe."

"Tumebaki wawili," alirudia mama. Akafungua mkoba, akatoa simu ndogo iliyofungwa mpira ili betri isianguke. Akabonyeza pasipofaa, akabonyeza tena, akitafuta jumbe za sauti za siku ile. Inspekta hakumsaidia. Jambo hili lilitaka mkono wake mwenyewe.

Sauti ya mama ikatoka kwanza, kubwa, ya mtu asiyeamini kwamba simu inasikia: *Mdogo wangu, kaka kasema isiwashwe bila kipoza. Kipoza ndiyo kipi? Usinicheke.*

Halafu ya mdogo mtu, tulivu: *Si hiyo feni, dada. Iweke nyuma yake ipulize. Hilo boksi la chuma toa, linaleta joto bure.*

Mama akairudisha simu mkobani.

"Halafu ikasema tap," mama alisema, akimwelekea Inspekta sasa. "Nikamwita. Akaja na kipande cha waya. Akaingiza mkono nyuma, akaibembeleza. Akaniambia, usiijaribu wewe dada, mwache mwenyewe akirudi aiwashe. Na baada ya moto akaniambia, usinitaje, polisi wasumbufu. Andika hivyo, mwanangu. Andika yote."

"Kwa nini mwenyewe aiwashe?" Inspekta alimuuliza mdogo mtu.

Akajibu akitazama redio. "Nilitaka aione ikifa. Mbele ya macho yake. Itoe moshi, inyamaze, na yeye ajue na kwetu vitu vya ng'ambo vinakufa. Basi."

"Macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji."

"Bandeji sikujua! Nilijua amepasuliwa, sikujua amefungwa. Sikwenda hospitali kumtazama." Akauficha uso. "Moshi angeuona. Mtu mzima, angeuona akatoka."

"Ulimfungia mlinzi kamba ili asife," alisema Inspekta. "Ndipo akafa mwenye nyumba."

Aliandika haraka, mistari kumi na minne, akamsomea mama polepole. Mama hakujua kuandika jina. Akasukumiwa kidau cha wino.

"Kidole kipi?"

"Gumba, mama. La kushoto."

Alama ilikaa vizuri, mistari yote inaonekana. Saa nane kasoro dakika nne. Inspekta alimwacha askari wa zamu mlangoni, akatoka akitembea, kisha akikimbia.

Gari lilikuwa limeshageuza pua kuelekea getini, na gari jeusi la mgeni lilikuwa likiingia. Yakakutana, hakuna la kupita. Inspekta alizunguka nyuma, akavuta komeo.

"Shuka."

Fundi Koili alipepesa macho. "Tumeshafika?"

"Hujaenda popote. Shuka."

Alishuka, akakaa chini kwenye vumbi. Upande wa geti mke wake alianza kuita. Mlango wa gari jeusi ulifunguka, akatoka mtu mwenye nyota nyingi mabegani, na nyuma yake Mkuu wa Kituo akaja mbio akiwa na shada mkononi.

"Inspekta! Ripoti imeshakwenda juu! Huyo anashushwa kwa amri ya nani?"

Inspekta alikuwa amepiga goti, anatafuta tundu la ufunguo kwenye pingu. Hakugeuka.

"Ya yule mama pale."

Dada mtu alikuwa amesimama barazani, peke yake, kidole gumba chenye wino amekinyoosha mbali na nguo zake. Hakuna aliyempa kitambaa. Mgeni alimtazama, akamtazama Mkuu, akatazama maua.

Pingu zikaachia. Fundi alijishika vifundo, akataka kusema neno.

"Nenda kwa mkeo," alisema Inspekta, akinyanyuka. "Hizi ninazihitaji ndani."